Pikapu ya vitunguu inalala nyuma, na kila mtu ana dawa yake

BARUA

Mshauri, salaam nyingi kutoka Karatu.

Nina Toyota Hilux ya mwaka 1996, kabini moja, injini ya dizeli ya 2L. Haina gia ya magurudumu manne, inasukuma nyuma tu. Kazi yake ni vitunguu. Asubuhi inashuka Mang'ola tupu, inarudi Karatu na mzigo, na kila Ijumaa mzigo unaendelea hadi Arusha. Kwa kawaida tunapakia magunia 10, msimu ukichanganya 12, na juu yake wanakaa vijana wawili wa kupakua. Dereva ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Tangu mwaka 2021 yeye ndiye anayeijua pikapu hii kuliko sisi sote.

Shida zilianza mwaka jana. Ikishapakiwa, nyuma inalala kabisa na ekseli inagonga chesesi kwenye kila shimo. Hata ikiwa tupu, upande wa kulia uko chini. Nilipima kwa utepe wangu wa cherehani nikapata tofauti ya sentimita 3. Jani la pili la springi ya kulia limekatika mara 2 ndani ya miezi 11, mara zote katikati, penye tundu la senta bolti, ile inayoshika majani yote pamoja. Shokapu mpya za nyuma zilidumu miezi 4 zikaanza kuvuja. Raba moja ya kugongea ilichanika, fundi akaing'oa akisema haina kazi. Mbele alikaza tosheni baa ili gari "isimame", na sasa tairi za mbele zinaliwa upande mmoja. Shemeji anasema kwenye rasta, vile vijituta vya barabara ya vumbi, gari ikiwa tupu, mkia unahama njia.

Springi zimechoka, hilo naliona. Ila dawa ndiyo imetugawa. Fundi wetu anataka kuongeza majani 2 kila upande, atayatoa kwenye springi za basi dogo lililokufa. Shemeji anataka gari iinuliwe sentimita 5 au zaidi kwa vipande vya chuma juu ya ekseli na sheko ndefu (vyuma vinavyoning'iniza mwisho wa springi), tairi kubwa zifuate, ili ipite kama zile za watalii. Duka moja la Arusha limenipa bei ya seti nzima kutoka nje: springi za mzigo mzito, shokapu 4 na tosheni baa nene. Bei hiyo inamaliza shilingi 1,800,000 nilizonazo, na nusu yake ni mkopo wa kikundi chetu cha akina mama. Mume wangu anasema tusubiri.

Shemeji aliniambia mbele ya watu, "Nyinyi mnahesabu magunia, mimi nahesabu mashimo." Nikikataa kuinua gari ataona namdharau, na dereva mwaminifu kama yeye sitampata. Nikikubali, kisha gari ikapinduka kwenye mteremko wa Mto wa Mbu, nitamtazamaje mke wake? Naomba unisaidie kufikiri.

Mama Vitunguu, Karatu

JIBU

Mama Vitunguu, pole kwa mzigo huu, na ahsante kwa kuandika kwa vipimo. Utepe wako wa cherehani umefanya kazi ambayo hurukwa katika gereji nyingi.

Nikikusoma vizuri, una maswali mawili yaliyofungwa pamoja. Moja ni la chuma: pesa iende kwenye majani ya fundi, kwenye kuinua, au kwenye seti ya dukani? La pili ni la nyumbani: utamsikilizaje shemeji bila kuhatarisha uhai wake, na bila kuukosa msaada wake? Nianze na chuma, maana naona kikieleweka, la nyumbani nalo litapungua uzito.

Umeandika kwamba springi zimechoka. Huenda ni kweli. Lakini dalili ulizozitaja hazitoki mahali pamoja, na baadhi yake, samahani kusema, zinaelekea kutokana na matengenezo yenyewe.

Tuanze na jani linalokatika. Springi ikizidiwa na mzigo peke yake, mara nyingi hukatika nje ya pale ekseli inapobanwa. Ikikatika katikati kabisa, penye tundu, mshukiwa wa kwanza ni yubolti zilizolegea, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli. Yubolti zikibana sawasawa, kipande cha springi kilichokaa kwenye kiti cha ekseli hakipindi hata kidogo. Zikilegea, kipande hicho kinaanza kupinda kila gari inaporuka, na hapo penye tundu ndipo jani lilipo dhaifu kuliko kokote. Ukiweka jani jipya ukalifunga kwa yubolti zilezile zilizovutika, litakatika palepale. Muulize fundi: mara zile 2 alibadili yubolti, au jani tu? Zinatakiwa 4 mpya, mbili kila upande, za kipenyo kilekile na urefu unaotosha unene wa springi. Aangalie pia kichwa cha senta bolti kama bado kinaingia kwa kubana kwenye tundu la kiti chake. Tundu likishapanuka, ekseli inatembea mbele na nyuma, na hilo peke yake linatosha kuuhamisha mkia njia.

Sasa hiyo raba aliyoing'oa. Ina kazi kubwa. Springi inapofika mwisho wa safari yake, raba ndiyo inayopokea pigo la mwisho kwa ulaini. Isipokuwepo, ekseli inagonga chesesi chuma kwa chuma, au shokapu inafika mwisho kabla ya ekseli na kugeuka kuwa kizuizi. Shokapu haikuundwa kubeba pigo hilo: pistoni inagonga chini, mti wake unapinda kidogo, sili inachanika, mafuta yanavuja. Shokapu zako zinaweza kuwa zilikufa kwa sababu hiyo na si kwa ubovu wa kiwandani. Ukiweka nyingine za bei mara tatu bila raba, nazo zitapita njia hiyohiyo. Raba 2 mpya ni miongoni mwa vitu rahisi kuliko vyote kwenye gari hii.

Za mbele nazo zinaeleweka. Tosheni baa ni springi iliyonyooka: chuma kirefu kinachojisokota wishboni, yaani mkono unaoshika gurudumu, inapopanda. Kukaza bolti yake ya nyuma hakukiongezei nguvu. Kunainua gari tu. Wishboni inashuka chini kuliko ilivyopangwa, nafasi ya gurudumu kuning'inia inapungua, boljointi na tairodi zinafanya kazi kwa pembe mbaya, na mwelekeo wa tairi unabadilika. Ndiyo maana zinaliwa upande mmoja. Kwenye shimo utasikia mlio wa "ta!" gurudumu linaposhuka, na wengi huudhania kuwa shokapu. Kukaza huku kunaweza pia kuwa na mkono katika zile sentimita 3, kwa sababu tosheni baa ya kushoto ikikazwa zaidi ya ya kulia, gari lote huegemea kulia, mpaka nyuma. Kwa hiyo usiihukumu springi ya kulia kwa urefu kabla mbele hakujawekwa sawa.

Sijafika kwenye kuchagua vipuri bado, na ni kwa makusudi. Kuna jambo moja katika barua yako lililotajwa kwa idadi wakati springi inalijua kwa kilo: magunia 10. Ni magunia ya namna gani? Kama ni ya kilo 100, ambazo sheria ya vipimo haitaki gunia lizipite, una tani 1. Kama ni lumbesa, yaani yaliyojazwa kupita mdomo, gunia moja linaweza kufika kilo 120, 130 na zaidi, na ukiyatazama yamepangwa nyuma ya kabini bado utahesabu 10. Magunia 10 ya kilo 130 ni kilo 1,300. Ongeza vijana wawili na shemeji, tuseme kilo 190 kwa pamoja, unafika 1,490. Yakiwa 12, unafika 1,750. Hilux ya aina yako iliundwa kwa mzigo wa takribani tani 1, na waliopanda wamo ndani ya hesabu hiyo. Usinitegemee mimi kwa namba kamili: chukua kadi ya gari, toa uzito wa gari tupu kwenye uzito wa juu unaoruhusiwa. Kisha pima magunia 3 yoyote kwenye mizani ya ghala na upate wastani.

Sikuulizi hili ili kukuambia upakie kidogo. Naijua hesabu ya safari: dizeli ni ileile, ushuru ni uleule, na bei ya kitunguu haisubiri. Lakini kila chaguo mlilo nalo mezani linabadilika kulingana na jibu lake. Springi nzito hainyanyui uwezo wa gari. Ekseli, bearing, breki, chesesi na tairi vinabaki vilevile. Springi nzito inachofanya ni kuondoa ile dalili ya kulala, ambayo kwa sasa ndiyo inayowaambia kwamba mmezidisha.

Chukua tairi kama mfano, maana hapo namba ziko wazi. Tairi ya 195R14C ya plai 8 huandikwa 106/104 ubavuni. Hiyo 106 maana yake ni kilo 950 kwa tairi moja ikiwa na upepo wake kamili wa psi 65. Mbili za nyuma zinabeba 1,900. Tuseme gari tupu inaweka kilo 550 nyuma, na asilimia 85 ya mzigo wa bodi inaangukia ekseli ya nyuma. Kwa magunia 10 ya kilo 130 pamoja na vijana, nyuma kuna kama kilo 1,750. Mko ndani, kwa kubanana. Kwa magunia 12 ni zaidi ya 1,970, mmeshapita. Na kama mtu aliwahi kukuwekea tairi za gari dogo, mfano 195/70R14 yenye namba 91, kila moja inabeba kilo 615, yaani 1,230 kwa mbili. Hapo springi siyo shida yenu ya kwanza hata kidogo. Soma ubavu wa tairi leo jioni.

Pamoja na hayo, fanya vipimo vifuatavyo kabla ya kutoa senti moja. Gari ikae mahali tambarare, upepo wa tairi uwe sawa, shemeji aisukume juu chini mara 3 na kuiacha itulie. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pembe zote 4. Pima nafasi kati ya ekseli na mahali pa raba ya kugongea. Pima urefu wa shokapu kutoka tundu hadi tundu. Andika. Kisha rudia vyote gari ikiwa na mzigo wa siku ya kawaida. Na muombe shemeji alale chini ya gari akuonyeshe mikwaruzo: iko kwenye difu (kile kibuyu cha gia katikati ya ekseli ya nyuma), kwenye bomba la moshi, kwenye tangi, au kwenye chuma cha chini ya injini? Mikwaruzo hiyo tutaihitaji.

Turudi kwa fundi na majani yake ya basi. Wazo la kuongeza jani si baya lenyewe. Springi nyingi za mizigo huongezwa hivyo. Hatari iko kwenye jani gani. Ugumu wa jani huenda kwa unene kuzidisha unene kuzidisha unene: jani la milimita 8 si gumu zaidi kidogo ya la milimita 6, ni gumu zaidi ya mara 2 kama urefu na upana ni sawa. Majani 2 manene kila upande yanaweza kuigeuza Hilux yako mkokoteni. Na kumbuka nusu ya safari yako ni tupu. Springi ngumu bila mzigo haifuati rasta. Gurudumu linaruka kutoka kilele hadi kilele, na gari inayosukuma nyuma tu ikipoteza mguso wa nyuma imepoteza kila kitu: mvuto, breki za nyuma, na mwelekeo. Ule mkia anaoulalamikia shemeji utazidi.

Kama mtaamua kwenda njia hii, kuna namna yenye upole zaidi: jani 1 la akiba kila upande, lililo karibu kunyooka, likae chini ya mengine. Gari ikiwa tupu haliguswi; mzigo ukiingia, majani ya juu yanashuka na kulikuta. Upana ulingane na wa springi zenu. Jani la kawaida linaloingizwa katikati ya springi linatakiwa liwe na mkunjo mkubwa kidogo kuliko lililo juu yake ili ncha ziguse kwanza. Likiwa limenyooka kuliko mwenzake litabeba sehemu moja tu na kukatika. Klipu zinazoshika majani pamoja zirudishwe zote, maana bila hizo jani kuu hubaki peke yake springi inaporudi juu. Na tafadhali, moto wa gesi usikaribie springi. Jani likipashwa ili likunjwe linapoteza ugumu wake. Litapendeza wiki mbili, kisha litalala au kukatika. Kulehemu jani ni vivyo hivyo.

Matakwa ya shemeji nayaheshimu, kwa sababu yana tatizo la kweli nyuma yake: chini kunagonga. Swali ni kama kuinua kutaondoa kinachogonga. Springi huinua chesesi. Difu iko kwenye ekseli, na ekseli haipandi kwa springi wala kwa kipande cha chuma. Inapanda kwa tairi peke yake, na kwa nusu tu ya kipenyo kinachoongezeka. Tairi ikikua sentimita 2, difu inapanda sentimita 1. Kwa hiyo kama mikwaruzo iko kwenye difu, sentimita 5 za chesesi hazitamsaidia. Kama iko kwenye bomba la moshi na tangi, na inatokea gari ikiwa imelala, basi kuirudisha kwenye urefu wake wa asili kunaweza kumpa nafasi anayoitafuta bila kuinua chochote.

Halafu chungulieni ekseli imekaaje. Zipo pikapu za chini ambazo springi hupita chini ya ekseli, si juu. Kwenye gari ya namna hiyo, kipande cha chuma kati ya springi na ekseli huishusha gari! Ili iinuke lazima springi ihamishiwe juu na viti vipya vilehemewe kwenye ekseli kwa pembe sahihi, na hiyo si kazi ya mchana mmoja chini ya mwembe. Ikiwa springi iko juu, kipande kinainua kweli, lakini kinarefusha mkono ambao ekseli inautumia kuisokota springi kila mnapoondoka na mzigo mlimani. Springi inachukua umbo la S, propela shafti (chuma kinachopeleka nguvu ya injini kwenye difu) inatetemeka, bearing yake ya katikati inakufa mapema. Kipande juu ya kipande hakiwekwi kamwe. Sheko ndefu nazo huinua nusu tu ya urefu unaoongezwa, na huigeuza difu pua yake, na hilo nalo linaharibu pembe ya shafti.

Lakini linalonitia hofu zaidi ni breki. Hilux nyingi zina valvu juu ya ekseli ya nyuma yenye kijiti kinachoshuka hadi kwenye ekseli. Valvu hiyo inapima mzigo kwa kuangalia chesesi imeshuka kiasi gani, kisha inaamua breki za nyuma zipewe nguvu kiasi gani. Ukiinua gari bila kurekebisha kijiti, valvu itaamini gari ni tupu hata ikiwa na magunia 10, na itazinyima breki za nyuma. Kazi yote inaangukia mbele. Sasa fikiria ule mteremko wa kwenda Mto wa Mbu, kona baada ya kona, vitunguu vimepangwa juu kuliko paa la kabini, na uzito wote umepanda sentimita 5 nyingine. Hofu uliyoiandika ina msingi. Mpira wa breki unaokwenda kwenye ekseli, waya wa breki ya mkono na urefu wa shokapu navyo vyote vinabidi vipimwe upya. Mtu anaweza kuinua gari vizuri. Ila "vizuri" ina orodha hiyo yote ndani yake, na sidhani kama bei ya vipande vya chuma aliyokutajia shemeji imeihesabu.

Kuhusu seti ya dukani, inaweza kuwa kitu kizuri sana. Inaweza pia kuwa seti ya gari nyingine. Vipuri vingi vya aina hii vinavyouzwa duniani vimetengenezwa kwa Hilux ya magurudumu manne, na mbele yake si sawa na ya kwenu. Muuzaji akuonyeshe kwamba namba ya kipuri ni ya gari inayosukuma nyuma tu, ya mwaka wenu. Kisha muulize swali ambalo wengi hawaulizi: springi hii inafika urefu wake wa kawaida ikiwa na kilo ngapi nyuma? Kampuni zinazojua kazi, kama Old Man Emu ya Australia, hupanga springi kwa uzito unaobebwa kila siku, na anayechagua kwa uzito wa siku moja ya msimu anaumia siku nyingine zote. Wewe nusu ya kilomita zako una kilo sifuri. Hilo likueleze kwa nini "mzigo mzito" kwenye boksi si lazima iwe sifa.

Tosheni baa nene ndiyo ninayoiwekea alama ya kuuliza kubwa zaidi. Ugumu wake huenda kwa kipenyo kuzidisha kipenyo, hivyo hivyo mpaka kipenyo kiwe kimeandikwa mara nne: ya milimita 24 ni ngumu kwa zaidi ya asilimia 40 kuliko ya milimita 22. Inafaa kwa aliyeongeza bampa ya chuma na winchi mbele. Vitunguu vyako viko nyuma. Mzigo unaokaa nyuma ya ekseli ya nyuma hata unapunguza uzito wa mbele: kilo 100 zikiwekwa mita 1 nyuma ya ekseli, kwenye gari yenye mita 2.8 kati ya ekseli na ekseli, zinaongeza kama kilo 136 nyuma na kuondoa 36 mbele. Usukani unakuwa mwepesi hapohapo. Kama mtazigusa tosheni baa, hata za zamani, ya kulia na ya kushoto hazibadilishani; zina alama, na ukizigeuza zinaweza kuvunjika. Bolti ilegezwe kwanza kabla ya kung'oa chochote, na uzi uliojitokeza upimwe na kuandikwa.

Shokapu ndizo ningependa ufikirie kwa makini katika seti hiyo. Hazibebi mzigo, zinatuliza springi. Kwenye rasta mafuta yake yanapata moto na kutoa povu, na shokapu yenye povu ni bomba tupu. Zenye gesi huchelewa kutoa povu. KYB, ambayo wengi wanaiita Kayaba, hutengeneza za mafuta matupu kwa jina Premium na za gesi kwa jina Excel-G, ila za bandia ni nyingi, hivyo dai risiti na waranti ya maandishi. Urefu ulioandika hapo juu ndio utakaochagua: ikifungika kabisa iwe fupi kuliko umbali wa siku ekseli imekaa kwenye raba, na ikifunguka iwe ndefu kuliko siku gurudumu linaning'inia. Nunua mbili mbili, kamwe usinunue moja.

Kuna njia ya nne ambayo hakuna aliyekutajia, pengine kwa sababu haina mvuto: kuirudisha pikapu ilivyokuwa. Yubolti 4, senta bolti 2, raba 2, bushi za springi na sheko, jani lililokatika libadilishwe na la kipimo chake pande zote mbili, tosheni baa zirudishwe kwenye urefu wake, shokapu 2 za nyuma, alaimenti. Hasara yake ni hii: ikiwa magunia yenu ni lumbesa kweli, itakuwa nzuri na bado italala, na utakuwa umetumia sehemu ya mkopo. Faida yake ni kwamba baada ya hapo utajua kilichobaki ni uzito peke yake, na jani la akiba au springi ya dukani utakayonunua utainunua kwa kilo unazozijua. Njia hii pia inaweza kwenda kwa awamu, jambo ambalo seti ya pesa yote haikuruhusu. Na siku tairi ikipasuka njiani bado una kitu mkononi. Pesa ya kikundi ina wenyewe wanaoisubiri.

Sasa shemeji. "Mimi nahesabu mashimo." Nimeisoma mara kadhaa sentensi hiyo. Naona inawezekana hakuwa anaomba gari ya kifahari. Inawezekana anasema mgongo unauma, na kwamba anaogopa kile kishindo cha nyuma akiwa peke yake gizani na mali yako. Mtu anayeendesha gari iliyolala, inayogonga chuma, yenye usukani mwepesi, lazima atamani iwe juu. Je, umewahi kumuuliza ni sehemu gani ya njia inamtisha zaidi? Huenda vipimo vile mkavifanya naye, yeye chini ya gari na wewe na daftari. Mtu aliyeshika utepe mwenyewe haoni kuwa amedharauliwa namba zinapokataa wazo lake. Na namba zinaweza zikakukataa wewe pia, Mama: huenda mtakuta ukweli wake uko kwenye magunia yale 2 ya ziada, na yeye ndiye aliyekuwa akiyabeba kwa mikono yake kwenye usukani. Uko tayari kulisikia hilo kutoka kwake? Mume wako anayesema msubiri naye apewe daftari alione. Kusubiri kwake kunaweza kuwa ni woga wa mkopo tu, na si kupinga.

Njia yoyote mtakayokubaliana, mwambieni fundi asikaze mwisho bushi zozote za mpira gari ikiwa juu ya jeki. Bolti za sheko, za jicho la springi na za shokapu zikazwe gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, la sivyo mpira unajipinda siku zote na kuchanika mapema. Yubolti zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, nyuzi zinazobaki ziwe sawa kila upande, kwa spana ya kipimo na kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Shemeji aende Mang'ola, arudi na mzigo wa kwanza, na pale Karatu, kabla ya kuanza safari ya Arusha, zikazwe tena zote 4. Baada ya kilomita 500, tena.